Mackay wa Usambiro na Kitabu Kilichofunguliwa

SABATO ALASIRI

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Yohana 5:37-40, Mithali 18:13, 17, Mathayo 19:3-9, Matendo 17:10-12, 2 Nyakati 16:12, Mathayo 9:12, Mathayo 28:1, 2 Petro 3:15, 16.

Juma hili hatutajifunza kanuni za kufasiri Biblia kwa kuzihesabu vidoleni. Tutazitafuta katika maisha ya mtu mmoja, fundi mitambo kutoka Scotland, aliyefika katika mwambao wetu wa Ziwa Viktoria mwaka 1878, akafa upande huu huu wa kusini wa ziwa mwaka 1890 akiwa na umri wa miaka 40. Jina lake ni Alexander Murdoch Mackay. Waganda wanamkumbuka kuliko sisi, ingawa kaburi lake la kwanza lilichimbwa katika nchi ambayo leo ni Tanzania.

Hakuwa Mwadventista. Alitumwa na Church Missionary Society, shirika la Kianglikana, na alikuwa amekwisha kufa miaka mingi kabla wamisionari wetu hawajafika Upare mwaka 1903, na baadaye Majita na Busegwe katika mwambao wa mashariki wa ziwa. Hata hivyo swali lililomsumbua maisha yake yote ni lile lile linalotusumbua kila Sabato asubuhi tunapoketi darasani. Kitabu ni kimoja. Inakuwaje watu wawili walisome fungu moja kisha waondoke kila mmoja na njia yake? Kila darasa lina ndugu ambaye ana fungu lake moja analolipenda, na kila mjadala hurudi hapo. Mackay alikutana na ndugu wa namna hiyo akiwa amevaa taji.

JUMAPILI: Biblia ya Mama

Mackay alizaliwa Oktoba 13, 1849, katika kijiji cha Rhynie, Aberdeenshire. Baba yake alikuwa mchungaji, naye ndiye aliyemfundisha nyumbani mpaka alipokuwa kijana. Walipotembea pamoja, baba alikuwa na tabia ya kusimama njiani na kuchora mchangani kwa fimbo yake. Siku moja huchora jambo la hesabu, siku nyingine mkondo wa mto Zambezi ambao Livingstone alikuwa ametoka kuueleza. Mtoto alizoea kuona kwamba jambo halijaeleweka mpaka liweze kuchorwa.

Mwaka 1865 mama yake alifariki. Alimwachia mwanawe Biblia yake mwenyewe, ile aliyopewa na mumewe walipooana, pamoja na usia kwamba ayachunguze Maandiko. Usia huo unatoka katika Yohana 5:39. Hapa tusimame kidogo, kwa sababu fungu hilo lenyewe ni somo la ufasiri.

Biblia ya zamani ya Kiingereza, aliyoisoma mama huyo, inaliweka neno la Yesu kama amri kwa wasikilizaji wake. Biblia yetu ya Kiswahili inaliweka kama habari: Yesu anawaeleza jambo ambalo tayari wanalifanya. Neno la Kiyunani lililotumika linaweza kubeba maana zote mbili, na anayelitazama neno hilo peke yake hatapata uamuzi. Soma sasa kuanzia fungu la 37 hadi la 40. Wale watu walikuwa wachunguzi hodari wa Maandiko, wakiamini kwamba humo mna uzima wa milele, na bado hawakutaka kuja kwake Yeye ambaye Maandiko yanamshuhudia. Mafungu yaliyolizunguka ndiyo yanayoamua, nayo yanaelekea upande wa Biblia yetu. Usia wa mama haukuwa na kosa, maana wajibu wa kuyachunguza Maandiko umo pia mahali pengine pengi. Ila fungu hili lina onyo ndani yake ambalo mtu akilikariri peke yake hatalisikia.

Je, kuna fungu ambalo umelijua kwa moyo tangu utotoni, ambalo hujawahi kusoma fungu lililotangulia wala linalofuata?

Mackay alisomea uhandisi Edinburgh, kisha mwaka 1873 akaenda Ujerumani, akafanya kazi ya kuchora mitambo Berlin. Mwishoni mwa mwaka 1875 gazeti moja la London lilichapisha barua ya msafiri Henry Stanley iliyosema kwamba Mutesa, Kabaka wa Buganda, alikuwa tayari kupokea walimu. Mackay aliomba kwenda. Aprili 1876 alipanda meli, na hakurudi tena Ulaya.

JUMATATU: Kageye na Ukerewe

Homa ilimrudisha pwani kabla ya kufika ziwani. Alipopata nafuu hakukaa bure: mwaka 1877 alisimamia utengenezaji wa njia kutoka Saadani hadi Mpwapwa, zaidi ya kilometa 350 za kukata misitu na kuvusha mito. Watu wa huko walimwita mzungu wa kazi.

Wenzake walitangulia. Walipiga kambi Kageye, kando ya Ghuba ya Speke, mahali ambapo misafara ya pwani ilipumzika. Hapo daktari wao, John Smith, alifariki mwaka 1877. Desemba ya mwaka huo huo Luteni Shergold Smith na Thomas O'Neill waliuawa kisiwani Ukerewe pamoja na watu wao karibu wote. Mackay alipofika Kageye Juni 1878 alikuta vyombo vya msafara vimerundikwa ndani ya kibanda: vipande vya injini vilivyoshika kutu, misumari, dawa, vitabu, karatasi, kila kitu juu ya kingine. Mtu mwingine angetazama lundo lile na kusema yote yameharibika. Yeye alivitoa nje kimoja kimoja, akavisafisha, akatafuta kila kipande kinaingia wapi, na baada ya siku kadhaa injini ilikuwa imesimama.

Nadhani hapo ndipo tunapomwona msomaji aliyekuwa baadaye. Fundi haamui kwanza mtambo ufanye nini halafu akalazimisha vyuma vifuate. Anakitazama kila kipande, anatafuta jirani yake, na kipande kisipoingia halichukui nyundo. Anajua kwamba ni yeye ambaye bado hajaelewa.

Kisha likaja jambo gumu zaidi. Habari iliyozagaa ilikuwa kwamba Lukonge, mtemi wa Ukerewe, ni muuaji wa wazungu, na watu wa Kageye walimsihi Mackay asikanyage kisiwani. Alikwenda bila silaha. Alimsikiliza Lukonge mwenyewe, na habari aliyoipata ilikuwa na sehemu ambazo uvumi uliziacha. Kulikuwa na mfanyabiashara Mwarabu aitwaye Songoro, aliyejenga jahazi kisiwani, ambalo wamisionari walilinunua. Songoro alikuwa na ugomvi na mtemi juu ya deni. Vita ilipozuka alikimbilia kwa wazungu, nao wakamkinga. Lukonge alidai kwamba aliyemtaka ni Songoro. Mackay hakusema kwamba damu iliyomwagika haikuwa kitu, lakini aliondoka kwa amani, wala hakuomba kisasi.

Soma Mithali 18:13 na 17. Mtu anayekubali kusikia pande zote za habari ya wanadamu amejifunza nusu ya kazi ya kusoma Maandiko. Tunalitendeaje fungu tunalolisikia kwa mara ya kwanza kutoka kinywani mwa mtu anayelitumia kumshinda mwenzake?

JUMANNE: Mbele ya Kabaka

Safari ya kuvuka ziwa iliwapasulia mashua. Mackay na mwenzake Wilson walikaa ufukoni majuma kadhaa wakiitengeneza: walikata sehemu ya katikati, wakaunganisha mbele na nyuma, ikawa mashua fupi iliyofika. Novemba 1878 alikuwa Buganda.

Kwa furaha yake aligundua kwamba Kiswahili kilieleweka katika baraza la Kabaka. Stanley alikuwa amemwacha huko kijana Dallington Maftaa, aliyesomeshwa na misheni ya Zanzibar, ili amsomee Mutesa Maandiko. Mackay naye alikuwa na sehemu za Biblia zilizotafsiriwa kwa Kiswahili Zanzibar na Edward Steere. Kwa hiyo Neno lilisomwa kwa lugha yetu, kisha likageuzwa kuwa Kiganda hapo hapo barazani. Waganda walilichukua hata neno letu kusoma, wakalifanya kuwa lao. Kwao kusoma ulikuwa ni kufuata dini, na wafuasi wakaitwa abasomi, yaani wasomaji. Sijui kanisa jingine lililopata jina zuri kuliko hilo.

Mutesa alikuwa msikilizaji mwenye akili kali. Kwa karibu miaka 10 kabla ya hapo alikuwa amefunga Ramadhani. Sasa alisikiliza Injili, akauliza maswali yaliyowatoa jasho walimu, na wakati huo huo alipima ni dini ipi ingemletea bunduki. Alitaka kubatizwa. Alitaka pia kubaki na mamia ya wake zake.

Tuliangalie jambo la wake, kwa kuwa hata kwetu kando ya ziwa halijaisha. Mtu anayetaka kulitetea anaweza kufungua Mwanzo akamwonyesha mchungaji wake Yakobo, kisha Daudi, kisha Sulemani. Mafungu yapo, hakuna aliyeyaongeza. Kosa ni kudhani kwamba kila kinachosimuliwa katika Biblia kinaagizwa na Biblia. Mwandishi wa Mwanzo hakuficha wivu wa Raheli wala machozi ya Lea. Simulizi lenyewe linaonyesha gharama. Soma Mathayo 19:3-9. Mafarisayo walikuja na ruhusa ya Musa mkononi. Yesu hakuikana ruhusa ile. Aliiweka mahali pake, kama jambo lililotolewa kwa ajili ya ugumu wa mioyo, kisha akawarudisha nyuma yake, mpaka mwanzo, kwenye kusudi la Muumba. Huo ndio ufasiri wa Bwana mwenyewe: andiko linapimwa kwa andiko, na sehemu inasomwa ndani ya habari nzima. Na injili hiyo ya Mathayo ndiyo ambayo Mackay angeichapa baadaye kwa Kiganda.

Desemba 1879 lilikuja jaribu kubwa. Mutesa alikuwa mgonjwa, na wakuu walishauri aletwe barazani Mukasa, lubaale wa ziwa, yaani mtu ambaye roho hiyo ilisemekana kukaa ndani yake. Mackay alisimama mbele ya baraza lote akatoa hoja rahisi. Kama Mukasa ni mungu, basi Buganda ina miungu wawili. Kama ni mtu tu, basi Buganda ina wafalme wawili, maana anatoa amri. Mutesa alielewa vizuri sana. Lakini wakuu walikataa, naye akakubaliana nao. Mukasa aliingia jumba la kifalme kwa ngoma, na baraza likaamua kuziacha dini zote za kigeni na kurudi kwa mila za baba zao.

Tazama kilichotokea. Kabaka hakushindwa kuelewa Maandiko. Aliyaelewa, kisha akatafuta maana nyingine iliyompunguzia gharama. Tunapozungumza juu ya ufasiri sahihi huwa tunataja lugha, historia na mazingira, na yote ni ya lazima. Yesu alitaja jambo jingine katika Yohana 7:17, nalo ni nia ya kutenda. Mutesa alikufa Oktoba 1884 bila kubatizwa na mtu yeyote.

JUMATANO: Wafasiri Wawili

Februari 1879 walifika mapadre wa Kikatoliki wa shirika la White Fathers, wakiongozwa barazani na Padre Simeon Lourdel. Tangu hapo Mutesa alikuwa na burudani mpya ya kuwashindanisha. Lourdel alikataa kushiriki sala ya Mackay barazani, akaeleza kwamba Waprotestanti wanafundisha uongo. Mackay alijibu kwamba Maandiko yako juu ya kanisa, si kanisa juu ya Maandiko. Kabaka alibaki akiuliza kama kila taifa la wazungu lina dini yake.

Kwa habari ya kanuni, sisi tuko upande wa Mackay. Lakini ukiyasoma maisha yake utaona pia kwamba ulimi wake ulikuwa mkali, na kwamba wakuu wa Buganda walijifunza kutoka kwa pande zote mbili siyo hoja tu bali pia chuki. Januari 1892 wasomaji wa Kiprotestanti na wasomaji wa Kikatoliki walipigana kwa bunduki kilimani Mengo. Walikuwa wamesoma habari za Bwana mmoja.

ALHAMISI: Wasomaji

Mackay aliona mapema kwamba maadamu Neno linategemea kinywa cha mfasiri barazani, Kabaka atakuwa na Biblia lakini watu hawatakuwa nayo. Alianza kuchonga herufi kwa mbao, moja moja, ili achape karatasi za kujifunzia kusoma. Baadaye alipata herufi za risasi. Vijana walimjia nyumbani kwake Natete, karakana na shule zikiwa chini ya paa moja, wakijifunza huku akifua chuma. Mmoja wao, Sembera, mwaka 1881 alimletea barua aliyoiandika mwenyewe kwa unyasi uliochongwa ncha na wino wa kubuni, akiomba abatizwe kwa sababu ameyaamini maneno ya Yesu. Machi 18, 1882, watu watano wa kwanza walibatizwa, Sembera akiwemo.

Kutafsiri kulimfundisha jambo ambalo msomaji wa kawaida hulisahau, yaani kwamba kila neno lililochaguliwa tayari ni ufasiri. Fikiria Sala ya Bwana. Kiyunani kinataja mkate. Katika Kiswahili tunaomba riziki, na Waganda wanaomba emmere, yaani chakula. Mahali ambapo watu hula ugali au ndizi, neno mkate lingekuwa sahihi kwa herufi na geni kwa tumbo. Lakini mtafsiri akizidi kulegeza, maana inamponyoka. Hakuna kanuni moja inayomaliza jambo hili. Kinachosaidia ni kukaa pamoja na wenye lugha, na kwa Injili ya Mathayo ndivyo walivyofanya: wamisionari na wasomaji waliokomaa walipitia mistari pamoja. Soma Matendo 17:10-12, uone kwamba watu wa Beroya nao walichunguza wakiwa wengi, kila siku, na hata mtume hakusamehewa kupimwa.

Mwanga alipomrithi baba yake, kusoma kukawa hatari. Januari 31, 1885, vijana watatu wa misheni, Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama, walichomwa moto. Oktoba mwaka huo Askofu James Hannington aliuawa Busoga. Mwaka 1886 waliuawa wasomaji wengi zaidi, Waprotestanti na Wakatoliki pamoja, wengi wao Namugongo. Katika miezi hiyo hiyo Mackay na mwenzake Robert Ashe walikuwa wakichapa kurasa za Mathayo. Watu walikuja usiku kuzichukua, wakazificha.

Jiulize kijana aliyekutwa na karatasi ile alihitaji nini. Hakuwa na kamusi wala ramani. Alikuwa na sura chache alizozisoma tena na tena mpaka akajua zinamhusu nani, na hilo lilimtosha kufa kwa amani. Hatusemi hivyo ili tudharau kamusi. Ni ili tukumbuke kwamba Mungu hakuliweka jambo la wokovu mahali ambapo msomaji mnyenyekevu hawezi kulifikia.

Ashe aliondoka mwaka 1886 na Mackay akabaki peke yake. Julai 1887, kwa shinikizo la wafanyabiashara Waarabu, Mwanga alimtaka aondoke. Alivuka ziwa kuja upande wetu, akajenga kituo Usambiro, kwenye ncha ya kusini ya ziwa. Mahali hapo palikuwa na homa kali. Machi 1888 Askofu Henry Parker na mwenzake Blackburn walifariki hapo, na Mackay akabaki na makaburi yao. Akaendelea kutafsiri, kuchapa, kuponda matofali na kutengeneza mtambo wa mashua ya mvuke aliyokusudia kuishusha ziwani.

Ndipo gurudumu likageuka. Mwaka 1888 Mwanga alipinduliwa, akakimbilia huku huku kwetu: kwanza Magu kwa Waarabu, kisha Bukumbi, kwenye misheni ya wale wale mapadre. Mwaka uliofuata alimwandikia Mackay barua akiomba msaada, na akaomba mambo ya zamani yasikumbukwe. Mwenye kuandika ndiye aliyewachoma Kakumba, Serwanga na Lugalama. Mackay hakumfungia mlango. Alikuwa ameitafsiri Mathayo 18. Sasa ilikuwa zamu yake kuifasiri.

Agosti 1889 Stanley alipita Usambiro na msafara wake, akakaa karibu majuma matatu, akamsihi afuatane naye kwenda nyumbani kupumzika. Alikataa. Hakuona anayeweza kumwachia kazi. Mwanzoni mwa Februari 1890 homa ilimshika, naye alifariki Jumamosi, Februari 8. Injili ya Yohana ilikuwa bado mezani kwake.

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Kazi ya kutafsiri haikusimama. George Pilkington, akisaidiwa na Henry Wright Duta na wenzake, aliikamilisha, na mwaka 1896 Biblia nzima ilikuwa katika Kiganda. Lakini kufungua Kitabu ni jambo moja na kukisoma vema ni jambo jingine, na historia ya Buganda yenyewe ina mfano.

Katika kizazi kile cha wasomaji alikuwamo Semei Kakungulu, aliyejifunza kusoma Biblia kwa Kiswahili, akawa jemadari na mtawala wa mashariki ya Uganda. Kuanzia 1914 lilizuka kundi la Malaki Musajjakawa lililofundisha kwamba kutumia dawa ni dhambi. Kakungulu alijiunga nalo. Walikataa hospitali na chanjo, wakiwa na mafungu yao mkononi, hasa yale yanayokataza uganga katika Kumbukumbu la Torati 18. Baadaye, mwaka 1919, Kakungulu aliachana nao, akafuata dini ya Kiyahudi na kuanzisha jamii ya Abayudaya huko Mbale, ambayo ipo hadi leo.

Tusiwacheke watu wa Malaki, kwa sababu mtego ule uko katika lugha yetu pia. Soma 2 Nyakati 16:12. Biblia yetu inasema Mfalme Asa alipougua aliwatafuta waganga. Huku kwetu Kanda ya Ziwa, mganga anaweza kuwa mpiga ramli mwenye pembe na vibuyu, na Mganga Mkuu wa Mkoa ni daktari wa serikali mwenye ofisi. Neno moja, watu wawili. Anayesimama juu ya fungu hilo peke yake ataweza kumzuia mama mjamzito asiende hospitali, na atadhani anamtukuza Mungu. Sasa soma Mathayo 9:12 na Wakolosai 4:14. Hapo tunakutana na tabibu. Yesu anakubali kama jambo la kawaida kwamba mgonjwa anamhitaji tabibu, na Luka anaitwa tabibu kwa upendo. Rudi kwa Asa: kosa lake lilikuwa kumwacha Bwana, kama sura yote ya 16 inavyoonyesha tangu alipotuma fedha za hekalu kwa mfalme wa Shamu. Petro alikwisha kutuonya kwamba Maandiko yanaweza kupotoshwa kwa uangamivu wa mpotoshaji (2 Petro 3:16). Katika jambo hili uangamivu unaweza kuwa wa mtoto ambaye hakuwahi kusoma fungu lolote.

Limebaki jambo moja juu ya Mackay, na mwalimu wa Shule ya Sabato hawezi kulikwepa. Aliishika Jumapili. Aliongoza ibada Jumapili barazani na nyumbani, kama baba yake alivyofanya Rhynie, wala hakuna mahali tunapomwona akiiuliza. Hata hivyo alizipanga kwa mkono wake herufi za Mathayo 28:1, ambapo Sabato inapita na siku ya kwanza inaanza kupambazuka, siku mbili zilizotofautishwa wazi. Mtu aliyemwambia Kabaka kwamba mila za baba zake lazima zipimwe kwa Maandiko alikuwa na mila moja ya baba zake ambayo hakuipima. Tunasema hivyo kwa heshima. Mimi binafsi ninapomfikiria fundi yule akichukua herufi moja moja za fungu lile, swali linalonijia halimhusu yeye sana. Ni mafungu mangapi ambayo mimi nimeyafundisha miaka mingi, nikiyapanga sawasawa neno kwa neno, bila kuyaacha yaniulize kitu? Jadilini hili darasani kwa unyofu, na asiwepo wa kumtajia mwenzake fungu lake.

Mwaka 1927 mifupa ya Mackay ilifukuliwa Usambiro na kupelekwa Uganda. Ilizikwa upya kilimani Namirembe, Kampala, karibu na mifupa ya Hannington.